Kikombe Chako Nilikificha Mimi

Mkwe wangu Nakijwa,

Wewe mwanamke huna haya. Tangu tukuzike huko Mhezi, vuli imekuja ikapita, masika yamekuja yakapita, na hujanijia hata mara moja. Hata ndotoni. Hata kwa kuchungulia tu uende zako. Lakini kwa Namkunda unakwenda, usikatae. Kila baada ya siku mbili tatu mjukuu wetu anaamka, anakaa kitandani anajikuna kichwa, ananiambia, "Koko alikuja," yaani wewe, bibi yake wa mlimani. Alikuja akafanya nini? "Alinisuka." Na mimi nimelala hapo hapo, kitanda kimoja, ubavu kwa ubavu. Uliniruka kama gogo njiani, ukamsuka mtoto, ukaondoka bila kunisalimia. Nami nimekuzidi miaka mitatu.

Basi nakuandikia, maana kuita nimeita, huitiki. Herufi utanisamehe. Shule sikuiona kwa ndani ila siku ya kumwandikisha mwanangu. Hiki kidogo nilikipata kwenye kisomo cha watu wazima, mvi zimeshatoka. Wewe ulisoma mpaka darasa la nne, na kila barua niliyokuletea uliirudisha umepiga mistari chini ya maneno niliyokosea. Safari hii kalamu ninayo mimi. Nitakosea nipendavyo.

Namkunda aliugua. Amepona, tulia. Nataka kukueleza ugonjwa wake, na nataka kukueleza kitu nilichofanya. Hicho cha pili ndicho kigumu kukiandika, kwa hiyo acha nianze mbali.

Unaukumbuka mwaka wa yanga. Sisi wa huku chini Hedaru tulikuwa tunakula ule unga wa njano, na hata huo kuupata ni kupanga foleni tangu alfajiri. Sabuni hakuna, tunafulia majani ya mpapai. Mwanangu na binti yako Elieshi walikuwa kambini kwenye mkonge, chumba kimoja, mtoto hana pa kukaa, wakaniachia mimi. Namkunda alikuwa na miaka miwili, tumbo limetangulia mbele, nywele zimekuwa rangi ya kutu. Ukashuka na lori la ndizi. Ukamtazama, ukafungua khanga. Ni mimi niliyempandisha mgongoni kwako. Ni mimi niliyekaza lile fundo. Watu wamesahau. Hata wewe ulisahau. Mtoto wa mwanangu, wa ukoo wetu, nilimtoa kwa mkono huu kwenda upande wa mama yake ili asife, kisha nikaingia ndani nikauma mto.

Ulimrudishia nywele nyeusi. Nashukuru. Nimesema nashukuru, usinitake nirudie.

Lakini mkwe, kila nilipopanda Mhezi alijificha nyuma ya gauni lako. Mimi nimetembea mlima ule na magoti haya, nimebeba vitunguu na sukari ya kuokoteza, mtoto ananitazama kama mtu aliyekuja kuhesabu watu. Wewe akakuita Koko. Mimi nami ni Mpare kama wewe, nami nilitaka kuitwa Koko, lakini jina ulikuwa umeshalikalia. Mimi nikawa Bibi. Bibi! Kama wanavyomwita mtu yeyote mwenye fimbo.

Na uji wako. Uliukoroga uji wa unga laini na ndizi mbivu na maziwa, hauna chachu, hauna ukali, unateleza tu. Kwenye harusi ya watoto wetu nilisema mbele ya watu, huu ni uji wa wagonjwa. Wanawake wakacheka. Wewe ukafuta mwiko, ukasema, "Ndiyo, mkwe. Nawe siku moja utakuwa na mgonjwa." Nilidhani umeshindwa kujibu.

Siku ya kukuzika mgombani kwako, watu walijaa mpaka njia ya kwenda Chome haipitiki. Nilikuwa nimesimama kwenye msiba, nikawa najiuliza nani atakuja kwangu. Unaona nilivyo? Umelala kwenye jeneza, nami nakuonea wivu jeneza.

Baada ya msiba, wazazi wake wakiwa bado kambini, nilimteremsha Namkunda Hedaru, aanze darasa la kwanza. Alikuja na magauni mawili na kile kikombe chako cha bati, cheupe, chenye ukingo wa buluu, kilichobanduka rangi karibu na mkono. Hakutaka kunywea kingine. Hilo ningelivumilia. Lakini kila asubuhi kabla hajanitazama mimi, alikichukua kikombe, akakiinamia, akakisalimia. "Shikamoo, Koko." Kisha ananyamaza kidogo, kama anasikia marahaba. Halafu ndipo ananigeukia mimi, shikamoo Bibi, haraka haraka, anawahi shule.

Nilivumilia mwezi. Siku moja yuko shuleni nikakichukua kile kikombe, nikakifunga kwenye gunia, nikakitia darini nyuma ya mbegu za mahindi. Aliporudi akakitafuta. Nikamwambia wezi wamejaa hapa barabarani, mabasi yanasimama, malori yanasimama, nani ajuaye kimekwenda wapi. Alitafuta chini ya kitanda. Alitafuta kwenye majivu. Nami nilikuwa nachambua vitunguu, sikuinua kichwa.

Hilo ndilo nililofanya. Nimeshaliandika. Sasa ugonjwa.

Ilikuwa Jumatatu. Nilipika makande, akatafuna kidogo akaweka kijiko, akashika shavu. "Bibi, hapa panauma." Nikajua jino. Tangu serikali iseme ruksa kuuza chochote, maduka yamejaa pipi za kila rangi. Miaka ile tulilia sukari, sasa watoto wanaoza meno. Nikamgombeza. Mwili ulikuwa na joto kidogo, nikasema ni jua. Nikaona nimpikie kitu chepesi, nikamtengenezea uji wangu, ule wa ukwaju. Unaujua. Makondakta wanashuka kwenye mabasi kuufuata. Niliukamulia ukwaju mwingi kuliko siku zote, kwa mapenzi, nikijisemea leo ataonja mkono wa bibi yake.

Alipotia kijiko mdomoni alipiga kelele kama nimempiga. Akashika taya zote mbili, akausukuma ule uji ukamwagika. Akalia, "Nataka uji wa Koko!"

Mkwe, niliwaka. Nilisimama juu ya mtoto mgonjwa wa miaka saba nikamwambia, "Basi nenda kaburini akupikie." Maneno hayo hayo. Hakulia tena. Aligeukia ukutani. Ningependa upige mstari chini ya maneno hayo, maana hakuna niliyokosea zaidi.

Kesho yake uso ulikuwa umevimba upande wa kushoto. Si shavuni katikati kama mtu wa jino. Ni huku nyuma, kwenye kona ya taya, chini ya sikio, uvimbe umejaa lile shimo lote mpaka nyama ya chini ya sikio, pale wanapotoboa hereni, imenyanyuka ikatazama nje. Hapo nikakumbuka: matubwitubwi. Mama yangu alitupaka masizi ya chungu mashavuni. Nikakwangua masizi, nikampaka mpaka kidevuni. Ungeniona ungecheka. Najua hata ukiwa hai ulikuwa unayacheka masizi yangu.

Nesi wa zahanati naye alicheka. Ni binti mdogo, ana sauti kama ya mwalimu wa kwaya. Alimfuta masizi kwa pamba, akaniambia, "Bibi, haya hayaponyi, yanachafua tu mto." Akambonyeza polepole chini ya sikio, akamfungua mdomo akatazama meno yote, hakuna lililooza. Akasema ndiyo, matubwitubwi. Hakuna sindano yake wala kidonge cha kuyafukuza, yanaondoka yenyewe, wiki moja, au siku kumi. Kazi yangu ni kumtunza yakiwa njiani kuondoka. Maji kwa wingi. Chakula laini kisichotaka kutafuna. Kitambaa cha maji baridi au vuguvugu, chochote kinachompa nafuu. Akiwa na joto au maumivu, panadol kwa kipimo cha mtoto, asprini hapana. Asiende shule siku tano tangu uvimbe uanze, asichangie kikombe wala kijiko na mtu, maana yanaruka kwa mate, kwa kukohoa na kupiga chafya.

Kisha akaniuliza nimempa nini kula. Nikamwambia uji wa ukwaju. Akafumba macho. "Bibi! Kilichovimba ndicho kinachotoa mate. Ukimpa kikali, mate yanavutwa, ni kama unambana jipu." Akanitajia: ukwaju, ndimu, machungwa, vyote viwe mbali.

 Kumbe hakuukataa mkono wangu. Taya zake ndizo zilizokataa. Nami nimeshamtuma kaburini.

Alinipa pia mambo ya kuogopa. Kichwa kikiuma sana na shingo ikakakamaa, akitapika asiache, akishikwa na degedege, tumbo likiuma sana, sikio likiacha kusikia, au akikataa kunywa mpaka mkojo ukatike. Nikiona hata moja kati ya hayo nisisubiri, nimlete, naye atampeleka hospitali Same akatundikiwe maji. Na kwa wavulana, hasa waliobalehe, nitazame na huko chini, maana korodani huweza kuvimba. Nikamwambia huyu ni msichana. Akasema, "Wengine watakufuata, Bibi, utaona."

Zahanati dawa zilikuwa zimeisha. Nikaenda duka moja la pale barabarani, siku hizi kila mwenye kabati ni daktari. Kijana akataka kunifungia rangi mbili, zile kapsuli za kuua vijidudu. Nikamwambia nesi amesema haziui ugonjwa huu, nipe panadol ya mtoto. Akasema, "Mama, na rangi mbili chukua, zisaidiane." Nikamwambia zisaidiane na wewe.

Nilifunga genge langu la vitunguu. Niliwaambia majirani waziwazi, watoto wenu wasije kwangu. Wengine walinuna. Wanune.

Alhamisi upande wa kulia nao ukavimba. Sasa uso ulikuwa mduara kama boga, shingo haionekani. Na hapo ndipo nilipoogopa, Nakijwa, kwa sababu aliacha kunywa. Maji hapana. Chai ya maziwa hapana. Nikileta kijiko, anafunga mdomo, anageukia ukuta ule ule alioutazama siku nilipomtukana. Sijui kilichomuuma zaidi ni taya au ni mimi. Mara ya mwisho kukojoa ilikuwa asubuhi, na jua lilikuwa limeshafika utosini. Midomo imekauka, inapasuka. Nikambonyeza ngozi, nikamwambia inua kichwa, gusa kifua kwa kidevu. Akaweza. Nikamshukuru Mungu kwa shingo. Lakini mkojo hakuna, na nesi alisema mkojo.

Nikajiambia, nampa nafasi moja, akikataa nambeba.

Nilitoka mbio mpaka pale wanapokaa wanawake wa Mhezi na ndizi zao. Nikachukua zile ndogo zilizoiva mpaka madoa. Mmoja wao alikuwa jirani yako, akaniuliza za nini. Nikamwambia za uji. Akanitazama. Alikuwepo kwenye ile harusi. Mungu ambariki, akaniongezea mbili.

Uji wako sikuwahi kukuuliza unavyoupika. Lakini nilikuwa nakuvizia, miaka yote, kwa jicho la pembeni, kama mwizi anayetazama kufuli. Nilijua unga unauchekecha mara mbili. Nilijua ndizi unaziponda mwisho, jiko limeshapunguzwa moto, na maziwa unayatia ukiwa umeshaepua. Wivu wangu ulikuwa umenifundisha kila kitu. Ukatoka laini. Nikaonja. Mkwe, ni mtamu. Nimesema.

Kisha nikapanda darini, nikafungua lile gunia, nikateremsha kikombe chako. Nilikiosha kwa maji ya moto mara mbili. Nilijua maana yake. Akifumbua macho atakiona, atajua kwamba bibi yake ni mwongo, na yule mwizi wa barabarani ni bibi huyo huyo.

Nikakaa kando ya kitanda. Amefumba macho. Nikamgusa mdomo kwa ukingo wa kikombe. Na yeye, bila kufumbua macho, akasema, "Koko?"

Nami nikaitika.

Nilisema, "Niko hapa, mwanangu." Nikalainisha sauti, nikaivuta kidogo kama mnavyovuta maneno ninyi watu wa mlimani. Nimekucheka kwa sauti hiyo miaka mingapi? Nikaivaa kama gauni lako. Na mtoto akanywa. Funda moja, akakunja uso, akameza. La pili. Nikampumzisha. La tatu. Jua lilikuwa linapita dirishani kwenye paji lake na mimi nilikuwa namnywesha mjukuu wangu nikiwa mimi si mimi. Alimaliza nusu kikombe. Baadaye robo nyingine. Alasiri akaniambia anataka kwenda nje kukojoa, nikambeba, na sijawahi kufurahia mkojo wa mtu namna ile.

Halafu nikaenda jikoni nikalia. Si kwa furaha, nisikudanganye. Nililia kwa sababu alikunywa mkononi mwako. Nilichekecha mimi, nikaponda mimi, nikapanda dari na magoti haya mimi, na aliyeokoa mtoto ni wewe, uliyelala mgombani huko Mhezi huna habari. Nikasema, huyu mwanamke hata kufa hakumpunguzi.

Siku mbili zilizofuata niliendelea hivyo hivyo. Akiita Koko, naitika. Kikombe nakificha chini ya khanga akifumbua macho. Panadol, uji, maji, kitambaa shingoni. Jumamosi joto lilishuka. Jumapili uvimbe ulianza kupungua, shingo ikaonekana, mtoto akaanza kulalamika kwamba hata wali ni mwororo mno. Nikajua amepona.

Ilikuwa Jumanne, nachambua vitunguu mlangoni, amekaa karibu yangu ananisaidia kumenya maganda makavu. Hakuinua kichwa. Akasema, "Bibi, kikombe cha Koko ulikificha wapi?"

Nikasema darini. Sikuweza kudanganya tena, nilikuwa nimechoka.

Akasema, "Nilijua. Na uji nilijua ni wewe."

Nikamwuliza ulijuaje.

"Mikono yako inanuka vitunguu. Koko alinuka moshi."

Mkwe, kisu kilisimama. Nikamwuliza, sasa kama ulijua ni mimi, mbona uliniita Koko? Akafikiri, ananyofoa ganda. Akasema, "Nilikuwa sitaki kukuita wewe. Nilikuwa nimekukasirikia. Lakini nilikuwa na njaa."

Basi. Hicho ndicho kilichotokea. Hakunywa mkononi mwako. Alikunywa mkononi mwangu, kwa hasira yake yote, akaazima jina lako ili aweze kufungua mdomo. Na mimi niliazima sauti yako ili niweze kumpa. Sote wawili tulikutumia, na wewe uliacha tukutumie. Nilimwomba radhi kwa neno la kaburi. Nilimwambia mtu mzima naye huvimba, huvimba huku ndani ambako hapapakwi masizi. Akaniambia, "Sawa, Bibi," kama mtu anayeniuzia chumvi. Ni wa ukoo wetu yule, hana maneno mengi.

Bado ananiita Bibi. Nilidhani labda atabadilisha. Hakubadilisha. Nimeanza kulizoea.

Na alivyosema nesi ndivyo ilivyokuwa, mtaa mzima umevimba mashavu. Wanawake wanakuja mlangoni kwangu, mimi niliyekuwa nakuonea wivu kwa foleni ya watoto wagonjwa walioletwa uani kwako kutunzwa. Nawaonyesha pa kubonyeza, nawakataza ukwaju, nawafukuza kwenye rangi mbili, nawahesabia siku tano. Mvulana mmoja mkubwa alikuwa anatembea miguu ameitanua, anamficha mama yake. Nikamwuliza mbele ya mama yake, huko chini kumevimba au hakujavimba? Alitaka ardhi immeze. Lakini alipelekwa hospitali siku ile ile, na amerudi. Uji ninaowafundisha ni wako. Nasema ni wangu. Mmoja aliyetoka Mhezi alikohoa, nikamkazia macho.

Nakuahidi mambo mawili. Kikombe hakitapanda dari tena. Kiko rafuni, mbele, na asubuhi mtoto anakisalimia na mimi ninasubiri zamu yangu bila kununa, au kwa kununa kidogo. Na mwakani mvua zikikata nitampandisha Mhezi apalilie kaburi lako mwenyewe, nami nitakaa pembeni, nisiseme neno.

Pumzika, mkwe wangu. Nilikuonea wivu maisha yako yote, na sikumwonea wivu mwanamke mwingine yeyote.

Sasa sikiliza. Ukija tena usiende moja kwa moja kwa mtoto. Mimi ndiye ninayelala upande wa mlangoni, huna njia nyingine. Simama hapo, unigutue, unipe shikamoo yangu uliyoniruka nayo mwaka mzima. Nikishaitikia marahaba, ndipo umsuke. Na umsuke mistari minene, ile myembamba inamuuma.